Boti Tuliyowasukumia Wezi

Jumanne na Alhamisi Nahodha hakuwa nahodha. Siku hizo alikuwa mfyatua matofali, na boti yake ilibaki nyumbani juu ya tela, uani, karibu na kamba ya nguo.

Siku za soko alivusha watu. Bwawa letu ni pana. Kulizunguka kwa miguu mpaka sokoni na zahanati ya ng'ambo ni nusu siku. Kwa boti ni dakika ishirini. Asubuhi Nahodha aliibembeleza pikapu yake kuukuu mpaka ikawaka, akaivuta boti hadi gatini. Jioni aliirudisha nyumbani. Hakupenda kuirudisha. Alilazimika, kwa sababu ofisi ya bwawa hairuhusu boti kulala majini. Ofisi hiyo inachukua ada kila mwaka. Uzio na mlinzi pale gatini wameahidi tangu mwaka ule daraja lilipovunjika. Miaka tisa sasa. Ada inapanda, uzio hauonekani. Ndiyo maana mtaani kwetu boti zinalala uani kama mbuzi, na kila mtu analinda yake kivyake.

Tuseme ukweli: hakuna aliyekuwa analinda.

Mtaani kwetu tela ilikuwa kama kisu cha jikoni. Yako ikipasuka tairi, unaingia kwa jirani, unachukua yake, unakwenda. Hodi unapiga siku ya kurudisha. Na ukiona mtu anahangaika kuvuta tela, unaweka chini ulichobeba, unatia bega. Huulizi inakwenda wapi. Kuuliza ilikuwa ni kumwita mtu mwizi mbele ya watu. Tulijivunia tabia hiyo. Tuliwaambia wageni kwamba mtaa wetu hauna makufuli.

Wezi nao walisikia.

Alhamisi moja, saa nne asubuhi, Nahodha alirudi nyumbani mara moja kuchukua dawa ya jino. Alipita kwa Seremala, nyumba ya tatu kutoka kwake. Akakuta wanaume wawili wenye ovaroli za kijani na pikapu yao wanahangaika na tela ya Seremala. Boti ilikuwa juu yake, na injini nyuma. Mmoja akamsalimia kwa heshima. Akamwambia Seremala amewatuma, boti inakwenda kupigwa rangi, ila wamesahau pini, kile chuma cha kufungia tela kwenye gari.

Nahodha hakuuliza neno. Alikimbia kwake, akachukua pini yake mwenyewe, akarudi nayo mbio. Akawashikia kichwa cha tela mpaka kikakaa vizuri. Akawaonya hata barabara ina mashimo, kwa hiyo wakaze kamba ya nyuma. Majirani wengine watatu walisukuma. Wale watu wakashukuru sana. Nahodha akarudi kwenye matofali yake akijisikia mtu mwema.

Jioni Seremala alirudi kutoka kiwanda cha mbao. Akasimama katikati ya ua wake mtupu. Mwanzoni hakuwa na wasiwasi. Aliuliza nani kaazima tela, kama mtu anayeuliza nani kachukua ndoo. Akapita nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alipofika kwa Nahodha sauti yake ilikuwa imeanza kupasuka. Boti ile aliijenga kwa mikono yake, ubao kwa ubao, miaka miwili. Ndiyo iliyombebea mbao. Bila boti, fundi huyu hana mbao, na bila mbao hana kazi.

"Hukuona chochote, jirani?"

Nahodha alimtazama kifuani, hakumtazama usoni.

"Sikuwepo," akasema. "Nilikuwa matofalini."

Mke wake, Mama Pacha, alikuwa anakoroga sufuria. Mwiko ukasimama. Kisha ukaendelea.

Seremala alikwenda kituo cha polisi. Askari akafungua daftari, akamwuliza namba ya boti. Hakuijua. Namba ya injini? Ilikuwa imeandikwa ubavuni mwa injini, na injini imekwenda na boti. Namba ya tela? Tela haikuwa na namba. Picha? Hana. Basi ikoje?

"Ya bluu," Seremala akasema.

Askari alicheka. Akamwambia boti za bluu kwenye bwawa lile ni nyingi kuliko samaki. Mtu amepoteza miaka miwili ya jasho lake, anachekwa. Tusisahau kicheko kile. Lakini tusisahau pia kwamba hakuna aliyewahi kutufundisha kuandika namba. Ofisi ya bwawa haikutufundisha, pamoja na ada zake zote. Siku ya kukusanya pesa wanalijua kila geti. Siku ya kufundisha wanapotea njia.

*

Kuanzia hapo Nahodha alipoteza raha.

Siku za kuvusha watu alikuwa na nafuu, maana boti ilikuwa chini ya miguu yake. Jumanne na Alhamisi ndizo zilizomtesa. Wale watu walikuwa wamemwona. Walimfuata kwa macho alipokimbilia pini, wakajua anakoishi. Waliiona boti yake uani. Alijua watarudi, ila hakujua lini. Akiwa anafyatua matofali, akisikia gari linapita barabarani, mikono ilisimama. Siku moja aliacha udongo kwenye kibao mara tatu, akakimbia nyumbani kutazama. Mara zote tatu boti ilikuwepo, na mama yake, ambaye mtaa mzima unamwita Bibi, alikuwa amekaa karibu nayo anachambua maharage.

"Mwanangu," Bibi akamwambia mara ya tatu, "hiyo boti umeioa? Maana mkeo hujawahi kumkimbilia hivyo."

Msimamizi wa matofali yeye hakutania. Alimwambia akitoroka tena asirudi. Na simu zote za wafanyakazi akaanza kuzifungia kwenye droo yake mpaka jioni.

Nahodha alinunua mnyororo. Akaupitisha kwenye gurudumu moja la tela, akaufunga kwenye nguzo ya kamba ya nguo, akaweka kufuli dogo kama la sanduku la shule. Kazi ilimchukua dakika tano, na bado hakulala vizuri. Chakula alikiacha nusu. Pacha wake, wasichana wa miaka minane, walianza kugombania kile alichobakiza.

Mama Pacha alikwenda kumwita Fundi Cheche.

Fundi Cheche ni mwanamke, mchomeleaji. Karakana yake iko kwenye kona. Nusu ya tela za mtaa huu amezitengeneza yeye. Ana makovu madogo ya moto mikononi na ulimi unaochoma kuliko mtambo wake. Na ana kumbukumbu. Boti zote zilizoibwa kwenye bwawa hili anazijua moja moja, kama mtu anavyojua misiba ya ukoo wake.

Alifika Jumapili asubuhi na spana mfukoni. Hakusalimia mara mbili. Alitazama mnyororo, akacheka kwa pua. Akaweka jiwe chini ya ekseli, akalegeza nati za gurudumu, akalitoa. Mnyororo, kufuli na gurudumu vikabaki vimefungwa kwenye nguzo. Tela ilikuwa huru. Chai ya Nahodha ilikuwa bado inatoa moshi.

"Baki na gurudumu lako, shemeji," akasema. "Mimi boti naondoka nayo. Gurudumu la akiba ninalo garini."

Kisha akaitikisa nguzo ya kamba ya nguo kwa mkono mmoja. Ikacheza kama jino bovu. Bibi alicheka mpaka akaweka ungo chini. Nahodha hakucheka. Jasho lilikuwa linamtoka saa mbili asubuhi.

Fundi Cheche alivuta kigoda akakaa. Akaeleza polepole, kama anayemweleza mtu njia. Mwizi wa boti, alisema, anaogopa vitu vitatu: muda, kelele, na kuulizwa. Hakuna kufuli lisilokatika. Kazi ya kufuli ni kumchelewesha. Kwa hiyo usiweke kimoja. Weka vingi, mpaka achoke kabla hajaanza.

Nahodha akauliza aanzie wapi.

Kichwa cha tela, akajibiwa. Pale mbele panaposhikana na gari ndipo mlango wa mwizi. Paweke kufuli nene linaloziba lile tundu la pini, ili asiweze kuchomeka pini yake. Fundi Cheche angetengeneza kifuniko cha chuma cha kukaa juu ya kufuli, msumeno usipate pa kuingia. Halafu tela ilikuwa imeelekezwa vibaya. Kichwa kilitazama geti, kama kinamsubiri mgeni. Igeuzwe, kichwa kitazame ukuta. Mwizi akitaka kuigeuza, apige kelele za kutosha.

Mnyororo nao usipite kwenye gurudumu peke yake. Gurudumu linatoka, umeliona. Upite kwenye ekseli na kwenye chuma kikuu cha tela, kisha ufungwe kwenye pete ya chuma iliyozikwa kwenye zege. Na ukazwe usiguse chini. Mnyororo ukilala sakafuni, mwizi anauwekea mkasi mkubwa wa chuma, mguu mmoja juu ya mpini, anabonyeza kwa uzito wake wote. Ukiwa umening'inia hana pa kuegemea.

"Na siku unazojua boti inakaa siku nzima," akaongeza, "toa magurudumu yote mawili. Yaingize ndani. Egemeza tela kwenye matofali. Wewe si unafyatua matofali? Au unafyatulia watu tu?"

Injini aliitaka ndani ya nyumba, chini ya kitanda ikibidi. Injini ndiyo wanayoiuza haraka. Funguo zisining'inie nyuma ya mlango ambako kila anayeomba maji anaziona. Mmoja awe na mume, mmoja na mke. Karatasi za boti zisikae ndani ya boti, maana mwizi akikamatwa nazo atasema ni zake.

Kisha akatoa kalamu. Akawaita pacha, maana wao wana mwandiko mzuri kuliko baba yao. Wakatambaa kuizunguka boti wakisoma namba. Namba ya injini. Namba iliyo kwenye bodi, nyuma, upande wa kulia. Tela haikuwa na namba, kwa hiyo Fundi Cheche aliigongea moja kwa patasi mahali pawili: pa kwanza panapoonekana, na pa pili pa siri ambapo sisi hatutapaandika hapa. Wakapiga picha mbele, nyuma na ubavuni, na ile kasoro ya mkwaruzo mrefu iliyoachwa na mwamba. Mkwaruzo ule Nahodha alikuwa anauonea aibu. Fundi Cheche akamwambia ndio ushahidi mzuri kuliko rangi. Rangi mwizi anabadilisha kwa saa moja. Namba zikaandikwa mara mbili, nakala moja ikaenda kwa dada yake Mama Pacha mtaa wa pili.

Nahodha alikubali yote. Kisha akauliza kwa sauti ndogo majirani watasemaje. Mtaa huu hauna makufuli. Watamwona anawafungia wao.

Hapo Fundi Cheche alikasirika. Akaanza kuhesabu kwa vidole vyenye makovu. Boti ya muuza mkaa, mwaka wa daraja. Boti ya yule mama wa vitunguu, mwaka uliofuata, na mama huyo sasa anafua nguo za watu. Boti mbili za ndugu wa gatini, wiki moja. Sasa ya Seremala.

"Zote zimetoka mchana, shemeji. Zote zilisukumwa na majirani. Na katika waliosukuma hajatokea hata mmoja akasema mimi nilikuwepo, walikuwa hivi, waliniambia hivi. Kila mmoja anaona aibu, anafunga mdomo. Kwa hiyo kila mtaa unaibiwa kwa maneno yaleyale. Wezi wetu hawana haja hata ya kutunga uongo mpya."

Alisimama akapangusa suruali. Jumapili inayofuata, alisema, anaita mtaa mzima karakanani.

Alipoondoka Nahodha alibaki ameshika kalamu. Mama Pacha akaichukua mkononi mwake.

"Nilikuona siku ile unachukua pini," akamwambia. "Kisha nikakusikia unamwambia jirani hukuwepo. Wiki tatu nimekaa na mtu hapa ndani simjui."

"Nikisema, atanichukia."

"Usiposema, wataiba nyingine. Halafu utakaa unawachungulia wenye boti kama unavyomchungulia Seremala."

*

Jumapili ile karakana ilijaa. Watu walikaa juu ya vyuma na ndoo zilizopinduliwa. Fundi Cheche alieleza habari ya vichwa vya tela na minyororo. Watu walitikisa vichwa, wengine wakaanza kutania nani atamfungia nani. Kisha akauliza kama kuna anayejua jinsi boti ya Seremala ilivyotoka.

Watu watatu walitazama viatu vyao.

Nahodha alisimama. Seremala alikuwa amekaa mbele, mikono juu ya mapaja, haina kazi ya kufanya.

"Mimi ndiye niliyewashikia tela," Nahodha akasema. "Pini walisahau. Nikawapa yangu. Nikawaambia wakaze kamba, barabara mbaya. Halafu ulipokuja kwangu nikakwambia sikuwepo."

Hakuongeza kujitetea. Akaeleza mengine yote: ovaroli za kijani, mrefu mwenye pengo, mfupi asiyesema, yale maneno ya rangi, ile heshima. Baada yake wale watatu nao wakasema, mmoja mmoja, kila mtu akikumbuka jambo lake. Kwa mara ya kwanza mtaa ulikuwa na sura za wezi.

Seremala alisikiliza mpaka mwisho. Akainuka, akavaa kofia, akatoka. Hakumtazama mtu.

Waliobaki walikubaliana jambo moja, jepesi hata kwa mtoto. Tela haitoki uani bila mwenye tela kuonekana au kupigiwa simu na kuitika kwa sauti yake. Si barua, si ovaroli, si "amenituma". Asiyepatikana kwenye simu, boti yake haitoki. Na anayeuliza hajamtukana mtu. Namba za simu zikaandikwa kwenye karatasi, kila nyumba ikapata yake. Pacha walimfundisha Bibi kupiga simu mpaka akaanza kuwapigia wao wakiwa chumba cha pili.

Wiki hiyo Nahodha na Fundi Cheche walichimba shimo, wakamwaga zege, wakazika pete. Tela ikageuzwa. Vikawekwa vyote. Lakini kila asubuhi Nahodha alipopita kwa Seremala alimsalimia, na Seremala alimpita kama anapita mti.

*

Walirudi Alhamisi, saa nne asubuhi tena.

Nahodha alikuwa matofalini. Mama Pacha alikuwa amekwenda mashineni kusaga. Bibi alikuwa peke yake na maharage yake.

Safari hii ovaroli hazikuwepo. Mrefu alivaa shati jeupe na kalamu mfukoni. Alifunga mdomo alipotabasamu, kuficha pengo. Mfupi alibaki kwenye usukani. Mrefu akamwamkia Bibi vizuri, akamwuliza hali ya miguu. Kisha akatoa karatasi yenye mhuri. Akasema wametoka ofisi ya bwawa. Boti zote zinapelekwa kukaguliwa, leo ni zamu ya Nahodha, mwenyewe anajua. Boti isiyokaguliwa leo inafutiwa leseni.

Bibi si mwoga. Lakini mhuri ni mhuri. Watu wetu wamefundishwa kutetemeka mbele ya karatasi, na wezi walisoma somo hilo kabla yetu. Akasema ngoja. Akatoa simu, akabonyeza kama alivyofundishwa.

Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Iliita ndani ya droo ya msimamizi, haikusikiwa na mtu.

"Mama, usisumbuke," mrefu akasema kwa upole. "Sisi tutavuta taratibu."

Majirani walianza kukusanyika getini, wanne, watano. Mrefu akawaonyesha mhuri. Mmoja akasema basi tuwasaidie, wasije wakatufungia na sisi. Wawili wakaingia uani, wakatazama mnyororo, tela isiyo na magurudumu, kufuli lenye kofia ya chuma. Bibi alipiga mara ya tatu. Simu ikamponyoka ikaangukia kwenye ungo. Akaanza kusema labda, kama ni ofisi kweli, labda.

Mrefu alitazama saa. Akaagiza mfupi alete mkasi mkubwa wa chuma. Ofisi italipa gharama, akasema. Wapo watu waliolikubali hilo neno, na tunawajua.

Ndipo Seremala alipopita katikati yao. Hakusalimia. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye kichwa cha tela, akakaa juu yake kama mtu anayekaa kwenye benchi la nyumbani kwake.

"Mwenye boti hajaitika," akasema. "Boti haitoki."

"Mzee, unazuia kazi ya ofisi."

"Andika jina langu."

"Wewe nani?"

"Mimi mwenye ile boti ya bluu."

Mdomo wa mrefu ulibaki wazi kidogo, na pengo likaonekana. Wale waliokuwa karakanani waliliona. Mmoja wa wale watatu waliosukuma siku ile akasema polepole kwamba ni yeye. Majirani waliokuwa wameingia kusaidia wakageuka.

Wezi hawakukimbia. Walitembea haraka, na hiyo ni aibu kubwa zaidi. Walipofika kwenye pikapu, Fundi Cheche alikuwa amesimama mbele yake na simu. Alikuwa amepiga picha mbili za sura zao na moja ya namba ya gari, baada ya kuipangusa matope kwa kitambaa. Alihama njiani pale tu mfupi alipowasha gari.

Safari hii kituoni askari hakucheka. Alipewa picha, namba ya gari, saa, na majina ya watu saba walio tayari kusema. Aliandika kurasa mbili. Baada ya siku tisa walikamatwa kwenye gati la mbali wakiwa na tela ya mtu mwingine. Boti ya Seremala haijapatikana mpaka leo. Hatutadanganya katika hilo.

*

Nahodha alipata habari saa kumi na moja, droo ilipofunguliwa. Alikuta simu tatu za mama yake. Alikimbia njia nzima na udongo mikononi.

Boti ilikuwepo. Seremala naye alikuwepo, palepale. Bibi alisema amembembeleza aende akale, amekataa, anamsubiri mwenye boti. Alikuwa amekula sahani mbili hapohapo alipokaa.

Nahodha alisimama mbele yake.

"Siku walipochukua yangu nilikuwa kiwandani," Seremala akasema. "Nilitaka mtu mmoja tu aulize."

"Najua."

"Usiseme unajua."

Gari lilipita barabarani na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi Nahodha hakugeuka.

Seremala aliinuka, akanyoosha mgongo. Akaonyesha mahali alipokuwa amekaa. "Kaa," akasema. Nahodha akakaa. "Sasa inama. Tazama chini ya kichwa. Nimekaa juu yake tangu saa nne, nimepata muda wa kutazama. Unaona nini?"

Nahodha aliinama. Aliona nati mbili, zile zinazoshika kichwa chote kwenye mwili wa tela.

"Kufuli lako zuri," Seremala akasema. "Mwizi hana haja nalo. Anafungua hizo mbili kwa spana, anaangusha kichwa na kufuli lake, anafunga kichwa chake mwenyewe. Mwite Cheche azipige moto zisifunguke."

Fundi Cheche alipoambiwa alijipiga kofi kwenye paji la uso. Nusu ya tela za mtaa zilikuwa hivyohivyo, na alizitengeneza yeye. Alizichomelea zote wiki ile, hakuna aliyelipa, na hakuna aliyethubutu kumtania.

Sasa tela za mtaa wetu zinatazama ukuta. Bado tunaazimana, ila tunaulizana kwanza, na tumegundua kwamba kuuliza hakuvunji mfupa. Wenye boti tulikwenda kumi na wanne kwenye ofisi ya bwawa kudai uzio. Wakatuambia uko kwenye mpango. Tumewaandikia tarehe waliyotuambia hivyo, tukawasainisha. Tutarudi.

Nahodha anamaliza chakula chake. Seremala ameanza kujenga boti nyingine. Ina mbavu na upande mmoja. Jumanne iliyopita alituma mtu matofalini kuuliza ni nani anayeweza kuja kumshikia mwisho wa ubao mrefu. Nahodha alinawa mikono, akamwomba msimamizi ruhusa, akaenda.